Mstari wa Majivu Jikoni

Asubuhi Kisaju huamka imejifunika ukungu, na nyumba zetu ndogo huonekana kama ng'ombe waliolala bomani. Katikati ni jiko moja kubwa. Tuko wajane kumi na wawili, wa chama kimoja kilichoanzia sokoni Kitengela tukiuza mboga. Majina ya wenzangu nayajua yote, na ya watoto wao, hata ya wale watoto hawakukaa duniani. Hapa sitayaandika. Wenyewe wako hai na wako na maneno.

Tulijenga kwanza, sheria tukauliza baadaye. Jiko lilikuwa limeshatoa moshi wakati wakili, binti wa mwenzetu, alikuja kutuambia shamba tulilochangia wote bado limeandikwa jina la mwenyekiti wetu peke yake.

"Akifariki leo, shosho zangu, mtakuwa mnakaa kwa watoto wake."

Sote tukageuka kumtazama mwenyekiti.

"Mnaniangalia hivyo kwa nini?" akasema. "Sijafa!"

Wakili akatuwekea njia mbili. Tukate shamba, kila mmoja awe na hati yake, aachie watoto. Ama tuandikishe ushirika: shamba ni la wote, kila mtu akae kwa nyumba yake hadi mwisho, akiondoka, watoto warudishiwe mchango wake, na nyumba ipewe mjane mwingine.

Kijana wangu alitaka hati. "Mama, bila hati wewe ni mpangaji tu. Na mimi nikikuja nyumbani, nitakuja kwa nani?"

Ni yeye tu nimebaki naye. Nilimlea kwa chumba cha kupanga, nikimwahidi kwamba siku moja tutakuwa na mlango wetu. Kwa hivyo kwa mkutano nilisema: tukate.

Hawakunigombeza. Rafiki yangu mwenye goti bovu, tuliyeuza naye meza moja miaka yote, alisema tu, "Haya, tuone hiyo kukata inakaa aje."

Tukachota majivu. Wakili akashika ramani, sisi tukamwaga mistari vile mipaka itapita. Mmoja ukaingia jikoni, ukapita katikati: meko yakabaki upande wa rafiki yangu, mlango ukabaki upande wangu.

"Kwa hivyo nikitaka kukoroga uji nibishe hodi?" nikamuuliza.

"Na ubebe kitambulisho."

Tulicheka sana. Lakini mistari ilibaki, na hakuna aliyeikanyaga. Ukungu ukishuka ungeona wanawake wazima wakiinua nguo kidogo na kuinua mguu, kama wanavuka mto ambao haupo. Sijui ni nani alituambia tufanye hivyo. Mimi pia niliinua.

Asubuhi moja nilikuwa mlangoni, nusu macho nusu usingizi. Nikaona kitu kinatembea ndani ya ukungu, kinapotea, kinatokea tena nyuma ya tangi la maji, kikienda polepole. Nikadhani naota. Kumbe ni rafiki yangu na kikombe cha chai. Goti lake halingeweza kuinuka juu ya mstari, kwa hivyo alikuwa anazunguka nyumba zote kunifikia, mimi niliye hapo karibu naye.

Akanipa chai. Ilikuwa imepoa.

"Kwako kumekuwa mbali siku hizi," akasema.

Niliinywa hivyo hivyo. Halafu nikachukua ufagio, nikaanza na mstari wa jikoni.

Jumapili kijana wangu alikuja, nikamwambia jikoni, mbele ya wenzangu: tumechagua ushirika. Aliitazama nyumba yangu kupitia mlangoni.

"Na siku haupo, Mama, nitakuja kwa nani?"

Rafiki yangu akajibu kutoka kwa meko, bila kugeuka, "Utakuja kwa wenye watakuwa wamebaki. Na usikuje mikono mitupu, ulete sukari."

Hakucheka. Alikaa, akakizungusha kikombe mkononi. Mwishowe akasimama, akapita pale mstari ulikuwa, akamnyooshea rafiki yangu kikombe amwongezee chai.