Mbeleko ya Claudine

Kamati ya kicheni pati ya Claudine ilinipigia simu Kibondo bila kujua kwamba mimi ndiye niliyemzaa. Walikuwa wameona kazi yangu kwenye picha za harusi fulani, wakamtaka mpambaji huyo huyo. Nikakubali. Ningekataaje? Tangu kambi ya wakimbizi ya Mtabila ilipofungwa, ndugu zangu wakarudi Burundi na mume wangu Venanti akaniambia niwafuate watu wangu, mwanangu nimekuwa nikimwona kwa kuibia, sokoni Kasulu, tukijifanya tunachagua nyanya.

Aliyenifungulia ukumbi ni Winnie, mwanamke aliyeletwa nyumbani kwangu kabla godoro halijapoa. Alinitazama nikishusha mabegi.

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi, mama Claudine," nikamjibu, na jina hilo likanichoma ulimi.

"Sasa sikiliza. Umekuja kama fundi. Ukifungua mdomo mbele ya wakwe, aibu si yangu, ni ya mtoto."

Mapambo yote yalitakiwa yahusu mbeleko. Kila meza niliweka mdoli wa kitambaa aliyebebwa mgongoni na mama wa kitambaa. Picha za Claudine za utotoni nilizizungushia maua ya karatasi. Katika moja mgongo uliombeba ni wangu, kichwa walikikata. Jina lake nililikata kwenye sponji nikalibandika kwenye kiti chake. Sikusoma, lakini jina hilo najua kulichora.

Kikabaki kiti cha mama. Siku kama hiyo mama humkabidhi binti mbeleko aliyombebea, mbele ya wanawake wote, ili naye aje kumbebea mjukuu. Ya Claudine ilikuwa ya buluu. Winnie aliigeuza dekio mara tu alipoingia mle ndani. Sasa alinirushia kitenge kipya cha buluu, lebo ingali juu yake.

"Kizeeshe."

"Unasemaje?"

"Usijifanye kiziwi. Kesho kionekane kimebeba mtoto."

Nikakichemsha na majani ya chai, nikakisugua kwa jiwe, nikakianika. Nilikuwa nakigeuza juani Claudine alipopita.

"Shikamoo, mama mpambaji," akasema kwa sauti ya juu, maana Winnie alikuwa mlangoni.

"Marahaba," nikaitikia. Ningesema nini kingine?

Kesho yake nilisimama nyuma ya pazia la jukwaa, stepla mkononi, nikichungulia. Winnie alikikunjua kitenge, wanawake wakaimba. Kabla binti hajakabidhiwa, mbeleko hupita mkono kwa mkono, kila mzazi aibariki. Ikapita, ikapita, ikafika kwa Maximilla, mama yake Venanti. Macho yake yamekwisha, vidole bado. Akaitafuta pembe moja. Akaitafuta ya pili.

Mbeleko huchakaa pembeni, penye fundo, na mimi nilisugua katikati tu. Sikukusudia. Au mkono ulikusudia bila kuniambia.

Wimbo ukafa.

"Winnie, mtoto huyu ulimbeba bila kufunga fundo?"

"Bibi, siku hizi kuna zipu!" mmoja akadakia, wachache wakacheka.

"Sikukuuliza wewe. Nauliza, aliyembeba *mwana wanje*, mtoto wangu huyu, yuko wapi?"

Nikalishika pazia. Miaka yote nilikuwa nimejiapia: siku nikiulizwa, nitajibu. Haya, nimeulizwa, mbele ya wakwe na Kasulu nzima. Hatua moja tu, wanijue. Claudine akageuka, akaliona pazia linavyotikisika. Tukatazamana. Nilitafuta hasira usoni mwake, ningeiweza. Ilikuwa hofu. Mwanangu alikuwa ananiogopa mimi.

"Bibi, ni hii hii," akasema. "Mama alikuwa anaibana kwa pini."

Akapiga magoti mbele ya Winnie, akaipokea kwa mikono miwili.

Vigelegele vikapasua bati. Maximilla hakupiga. Mimi niliiacha stepla sakafuni, nikatokea mlango wa jikoni, nikapanda gari la Kibondo bila kula.

Jumatatu Winnie akapiga simu.

"Mwenye ukumbi anagomba. Unakuja lini kushusha mapambo yako?"

"Mama wa bibi harusi si yupo?" nikamwambia. "Ayashushe."