Wiki Saba za Mama Funguo

"Hivi dada, hilo kanisa lako lina miguu kweli?"

Aliyeuliza alikuwa jirani wa chumba cha pili, mwanamke mshona nguo ambaye mtaa mzima ulimwita Fundi. Asubuhi hiyo alikuwa akimgeuza Mama Funguo kitandani ili amfute mgongo kwa kitambaa cha maji ya moto. Hakuuliza kwa ukali. Aliuliza kama mtu anavyouliza bei ya kitu asichokusudia kununua.

"Miguu ya nini tena, mdogo wangu?"

"Nauliza tu. Wiki ya tano hii umelala hapa, na wewe na kanisa lako ni pua na mdomo. Nataka kujua kama limepooza au limepotea njia."

Mama Funguo alicheka kidogo, maana nyonga haikumruhusu kucheka sana. Akasema watu wana shughuli. Akasema sherehe ya kuzindua sakafu mpya si jambo la mchezo, kuna wageni, kuna kwaya, kuna mahema. Fundi akakamua kitambaa, maji yakachuruzika kwenye beseni.

Jina la Mama Funguo alipewa na watoto wa shule ya Jumapili, kwa ajili ya mtungo wa funguo uliokuwa ukilia kiunoni mwake kila alipotembea. Mumewe alimzika mapema, watoto hakujaliwa, na ndugu waliobaki hakuwajua hata sura. Kwa miaka ishirini na mitatu alifungua kanisa asubuhi na kulifunga jioni. Alifagia, alideki, alifua vitambaa vya madhabahu na kuvitia wanga mpaka vikasimama wima kama karatasi. Alijua majira ya kutandika zambarau na majira ya kutandika kijani bila kutazama kalenda.

Na kulikuwa na jambo jingine alilolijua ambalo hata mchungaji hakulijua. Alijua kuisoma sakafu. Watu wa kanisa ni watu wa mazoea, kila mmoja ana kiti chake na anamnunia anayekikalia. Kwa hiyo kila Jumatatu, Mama Funguo alipopita na ufagio wake chini ya viti, aliona matope ya fulani, maganda ya karanga ya fulani, nyuzi za ukili za bibi aliyesuka mkeka hata wakati wa mahubiri. Mahali pa mtu pakikutwa safi Jumatatu mbili zikifuatana, hakungoja kuambiwa. Alimpelekea habari mzee wa kanisa, mzee akamwambia mchungaji, na mchungaji akaenda na kile kisanduku cha meza ya Bwana wanachopelekewa wagonjwa. Yeye mwenyewe ndiye aliyekipanga, kikombe kidogo, mkate, kitambaa. Na kabla mchungaji hajafika, mara nyingi yeye alikwisha kufika, amekaa ukingoni mwa kitanda, amefua mashuka.

Hakuyatoa hayo kichwani mwake. Mchungaji wa zamani, yule aliyembatiza, aliwafundisha darasani kwamba kanisa ni mwili mmoja, kidole cha mguu kikijikwaa ni jicho linalotoa machozi. Wenzake waliliandika neno hilo kwenye daftari wakapasi mtihani. Mama Funguo alilichukua kama lilivyo, akalifanyia kazi.

Ila yeye hakuwa na kiti. Katika ibada alisimama nyuma karibu na mlango, ndoo miguuni, isije mvua ikaingia au mtoto akatapika. Hapakuwa na mahali chini ya kiti ambapo mtu angepatazama Jumatatu na kusema, leo huyu hayupo.

Alianguka akifuta madirisha. Ngazi aliyoizoea kwenye saruji ya zamani iliteleza juu ya vigae vipya, ikaenda upande wake na yeye akaenda upande wake. Waliokuwa wakimalizia vigae walimbeba mpaka hospitali. Daktari akamwambia nyonga imevunjika, alale, asikanyage chini miezi mitatu. Fundi ndiye aliyemleta nyumbani, na tangu siku hiyo Fundi alikuwa akiacha cherehani yake mara nne kwa siku kuja kumgeuza, kumlisha, kumwaga beseni.

Kila Jumamosi Mama Funguo aliomba chumba kifagiliwe na kigoda kitandikwe kitambaa cheupe. Fundi alikipiga pasi huku akinung'unika.

"Nimtandikie nani huyu asiyekuja?"

"Watakuja, mdogo wangu. Mwenye kuumwa huletewa. Ndivyo tulivyo."

"Ndivyo ulivyo wewe," Fundi alisema.

Tangu kipaimara chake hakuwahi kukosa meza ya Bwana. Maumivu aliyavumilia, kupitishiwa beseni mchana kweupe alikuvumilia, lakini hilo la kukosa meza lilimkaa kooni kama mfupa. Hakutaka zawadi, hakutaka hata dawa. Alitaka waje, waketi, wale naye mkate ule mmoja, ili ajue bado ni kidole cha mwili ule. Kitambaa kilikaa juu ya kigoda mpaka Jumapili jioni, kisha Fundi akakikunja.

Wiki ya sita mzee wa kanisa alibisha hodi.  Mama Funguo alimwomba Fundi amvute juu kidogo, amfunge kitambaa kichwani, atandike kigoda upesi. Mzee aliingia hatua moja, mkono mmoja ukabaki kwenye kitasa cha mlango.

"Bwana asifiwe, mama. Kumbe uko hapa?"

"Amina, mzee. Niwe wapi tena?"

"Sisi tulijua umekwenda kwa ndugu zako kuuguzwa. Hata kanisani ilitangazwa hivyo."

"Ndugu zangu gani, mzee?"

Mzee alikohoa. Watu wote wakiugua hupelekwa kwa ndugu zao, ndivyo ilivyo, na tangazo liliandikwa kwa mazoea, likasomwa kwa mazoea. Hakuna aliyenyoosha mkono kuuliza. Akasema, "Haya, tunamshukuru Mungu kwa kukuona. Mama, ule ufunguo wa kabati la vitambaa, ule mdogo wa shaba, tumeutafuta mpaka tumechoka. Wageni ni keshokutwa."

Fundi aliyekuwa ameshika kigoda alikiweka chini polepole. Mama Funguo akaelekeza kwa kidole mtungo uliotundikwa ukutani. Mzee akauchukua wote.

"Na nta ya mishumaa kwenye zulia, huwa unaitoaje? Wanawake wamekwangua wamekwangua, wamechuna manyoya tu."

"Weka karatasi ya kaki juu, upitishe pasi ya moto kidogo. Karatasi itainywa."

Mzee aliandika kwenye kiganja. Nje gari lilipiga honi.

"Mzee," Mama Funguo akasema, "hujaniombea."

Mzee akavua kofia. Aliomba kwa haraka, macho ameyafumba nusu, akaombea wageni wafike salama, akaombea vigae, akaombea hali ya hewa. Mwishoni akakumbuka, akaongeza mgonjwa wetu huyu. Kisha akaaga.

"Mgonjwa asiye na jina," Fundi alisema mlango ulipofungwa. "Vigae vimeombewa kabla yako."

"Usimseme mtumishi wa Mungu."

"Mimi sisemi mtu. Nahesabu tu nani kaja kukuona na nani kaja kuchukua ufunguo." Akachukua beseni, akatoka nalo, na huko nje Mama Funguo alimsikia akipenga kamasi.

Jumapili ya sherehe, vipaza sauti vya kanisa vilifika mpaka chumbani. Mama Funguo alisikia kila neno. Mchungaji, huyu mpya, kijana mwenye sauti nzuri, aliwashukuru waliotoa vigae, waliovibandika, waliofunga mahema, waliopika, waliopanga maua. Baada ya kila jina watu walipiga makofi. Mama Funguo alikuwa ameshika ukingo wa shuka. Akajisemea kwamba hataki kutajwa, kutajwa ni majivuno. Hata hivyo alisikiliza mpaka mwisho, na makofi ya mwisho yalikuwa ya mwenye jenereta.

Kisha mchungaji akahubiri. Akasema sakafu hii ni nzuri, lakini kanisa si sakafu. Kanisa si kuta wala paa. Kanisa ni watu walioitwa na Mungu, ni mwili, na kiungo kimoja kikiumwa vyote vinaumwa. Watu wakaitikia amina, tena kwa nguvu, wengine mara mbili.

Fundi alikuwa amekuja na shati la mteja, anatia vifungo huku amekaa ukingoni mwa kitanda. Sindano ikasimama.

"Umesikia?"

"Nimesikia."

"Anasema vizuri."

"Anasema kweli," Mama Funguo alisema, akageuza uso ukutani. "Ndiyo maana inauma."

Fundi hakuwa na dhehebu. Alipokuwa mdogo alifiwa na mama yake, watu wa dini wakakataa kumzika, na tangu siku hiyo hakuvuka tena kizingiti cha nyumba ya ibada yoyote. Hakulisema jambo hilo mara mbili. Usiku wa Jumapili ile ya sherehe alilala sakafuni chumbani kwa Mama Funguo kwa sababu mgonjwa hakutaka kula.

Wiki ya saba mchungaji akaja mwenyewe, pamoja na mzee wa kanisa na kile kisanduku. Labda mahubiri yake yalimrudia mwenyewe, labda zulia liliharibika, Mungu anajua. Aliomba radhi kwa adabu, akasema taarifa zilimfikia vibaya. Mama Funguo akamjibu kwamba yamepita. Machozi yalikuwa yakimtoka bila sauti, maana kile kikombe kidogo alikuwa amekisugua miaka yote hiyo kwa ajili ya watu wengine.

Mchungaji alipanga vitu, akavaa vazi lake, kisha akatazama huku na huku. Fundi alikuwa pembeni ya kitanda, mkono mmoja chini ya mgongo wa mgonjwa ili aweze kukaa.

"Dada yetu atatupisha kidogo," mchungaji alisema kwa upole. "Ni utaratibu. Wasioshiriki husubiri nje."

"Hakuna neno," Fundi alisema, akaanza kuutoa mkono taratibu, akitafuta mto wa kuweka mahali pake.

Mama Funguo akaushika mkono ule kwa mikono yake miwili. Alikitazama kikombe, akautazama mkate aliouonea njaa kwa wiki saba. Mzee wa kanisa aliinamisha macho. Mchungaji alisimama na kitabu chake wazi, akingoja.

"Baba mchungaji," alisema, "naomba huyu asitoke. Kama ni lazima atoke, basi naomba ufunge kisanduku chako uende nacho."