Ufunguo kwenye Pindo la Kanga

Wifi yangu Emiliana alipigishwa magoti mbele ya watu sita kwa kosa la kukataa kutoa ufunguo wa pikipiki yake mwenyewe. Naanza na hilo ili ieleweke mapema kwamba sijapoa. Hapa kwetu Mlali wanasema yameisha, tusahau. Mimi sijasahau, na kwa kuwa siku ile hakuna aliyeniuliza, nitasema leo.

Emiliana ameolewa na kaka yangu Ignas, anayechomelea mageti huko Kizota, Dodoma mjini, na kuja nyumbani mwisho wa mwezi akipata nafasi. Mkewe amebaki hapa na baba yetu, Mzee Matonya, pamoja na mimi, Anitha, niliyerudi nyumbani na cherehani yangu baada ya ndoa kunishinda. Kazi ya Emiliana ni kuchanja kuku. Kila baada ya miezi mitatu anazunguka vijiji akiwa na chanjo ya mdondo kwenye chombo cha barafu. Anamshika kuku mmoja mmoja na kumdondoshea tone moja kwenye jicho moja, kisha anayefuata. Barafu ikiyeyuka kabla hajafika, chanjo inakuwa maji tu, na ugonjwa ukija utafagia kuku wa kitongoji kizima. Ndiyo maana aliuza alizeti yake ya misimu miwili akanunua pikipiki. Si ya Ignas, si ya ukoo. Kadi ina jina lake, na nimeiona kwa macho yangu.

Kila Jumamosi, chai ikishanyweka, anaipandisha pikipiki kwenye stendi kubwa, gurudumu la nyuma likae hewani. Anaweka gia huru, anachomoa ufunguo na kuufunga kwenye pindo la kanga yake, mafundo mawili. Ufunguo ukishaingia pindoni hautoki mpaka kazi iishe. Kisha anafunga uzi mwekundu, ninaompa mimi, kwenye pingili moja ya cheni ili ajue alipoanzia. Anachovya mswaki mkuukuu kwenye mafuta ya taa na kusugua pingili baada ya pingili, huku akizungusha gurudumu kwa mkono, taratibu, mpaka uzi mwekundu urudi pale pale. Anakausha kwa vitambaa, mabaki ya sare za shule ninazoshona. Halafu anachukua kichupa cha chanjo kilichokwisha, alichokiosha akakijaza oili mpya, na kila pingili anaidondoshea tone moja, kama kuku. Oili ikizidi anaifuta, maana cheni iliyolowa hubeba vumbi lote la barabara ya Mlali na kujisaga yenyewe. Kazi hiyo inakula saa nzima. Nimemtania mara nyingi kwamba Ignas hajawahi kuogeshwa namna hiyo, naye hucheka bila kuinua kichwa.

Aliyemfundisha ni baba. Mwaka ule pikipiki ilipofika, walikaa wawili nyuma ya nyumba tangu asubuhi mpaka ugali wa mchana ukapoa. Baba mkono wake wa kulia una vidole vitatu. Cha shahada na cha kati havipo, na sisi watoto wake tulikua tukijua kwamba viko Kagera, vilibaki vitani. Nikiwa darasa la tano nilisimama mbele ya shule nzima, Siku ya Mashujaa, nikawaeleza walimu na wanafunzi jinsi baba yangu alivyotoa vidole viwili kwa ajili ya nchi. Walinipigia makofi. Mama alikuwepo, alilia kwa fahari.

Sasa nije kwa Abeli. Abeli ni mkubwa wetu, ana duka la vifaa vya simu mjini, na kila akija nyumbani anafika kama mkaguzi. Hiki kimekaa vibaya, kile kimepitwa na wakati, nyie watu wa huku mnaishije. Mwezi wa nane mwaka jana alikuja Ijumaa, na Jumamosi asubuhi akataka pikipiki aende Kibaigwa kuonana na mtu. Akamkuta Emiliana amechuchumaa, karai la mafuta ya taa miguuni, mswaki mkononi.

"Shemeji, bado tu?"

"Bado, shemeji. Nimefika nusu. Nikimaliza uende nayo."

"Nusu ya nini? Lete ufunguo nikuoneshe. Unawasha, unaingiza gia ya kwanza, unashikilia kitambaa kwenye cheni, inajifuta yenyewe. Dakika mbili tu. Bodaboda wote wanafanya hivyo."

"Naijua hiyo. Hapana."

"Hapana nini?"

"Ufunguo sitoi mpaka nimalize. Nivumilie kidogo, shemeji."

Naomba izingatiwe kwamba pikipiki hakunyimwa. Aliombwa asubiri, tena kwa adabu, naye hakuwa na haraka yoyote zaidi ya ile aliyojitengenezea mwenyewe. Lakini Abeli alisikia neno moja tu, nalo ni hapana, kutoka kwa mke wa mdogo wake, na majirani wawili waliokuwa wanapita wamelisikia pia. Uso ukambadilika. Akaondoka kwa miguu, akarudi na baba mdogo Optatus, ambaye akiitwa kwenye kikao hata kama ananyolewa ataacha nywele nusu aje. Majirani wale wawili nao wakajikaribisha. Viti vikatolewa. Cheni ikabaki nusu safi, uzi mwekundu ukining'inia.

Kikao kilichukua muda mrefu kuliko kuosha cheni tatu. Abeli alieleza jinsi alivyodharauliwa kwenye nyumba ya baba yake. Baba mdogo Optatus akauliza tangu lini mkamwana akamfungia shemeji yake mali ya nyumba. Nikasema si mali ya nyumba, ni yake. Nikaambiwa ninyamaze, mimi mwenyewe ndoa imenishinda. Wakampigia simu Ignas, sauti ikafunguliwa wote wasikie, na kaka yangu huyo, ambaye watoto wake wanalipiwa shule kwa matone ya machoni mwa kuku, akasema, "Mama Denis, mwombe tu kaka msamaha yaishe." Yaishe. Hakuuliza hata ni kosa gani.

Hukumu ikatoka. Emiliana apige magoti aombe radhi, atoe kuku mmoja wa kusuluhisha, na ufunguo amkabidhi Abeli hapo hapo, akae nao mpaka atakaporudi mjini. Jumatatu Emiliana alikuwa na vijiji vitatu vya kuchanja. Alilisema hilo. Baba mdogo Optatus akajibu kwamba kuku hawawezi kuwa wakubwa kuliko heshima.

Nilimtazama baba. Yeye ndiye mwenye mji, neno lake moja lingetosha. Alikuwa ameinamisha kichwa, mkono wa kulia umezama kwenye mfuko wa lile koti lake la jeshi asilolivua hata Oktoba. Emiliana naye alimtazama, kwa muda mrefu, kama mtu anayesubiri aambiwe aseme au asiseme. Mimi nilidhani anaomba msaada. Baba hakuinua macho.

Basi akapiga magoti. Akafungua fundo la kwanza, akafungua la pili, akaushika ufunguo kwa mikono miwili na kumpa Abeli.

"Nisamehe, shemeji," alisema. "Ila nakuomba uifute ikiwa imezimwa."

Walicheka. Wote, pamoja na wale majirani wasiohusika. Abeli alicheka kuliko wote, akainuka kwenda kuwaonesha. Akawasha, akaingiza gia ya kwanza, gurudumu likaanza kuzunguka hewani, cheni ikilia. Akaokota kipande cha kitambaa changu cha bluu, akakizungusha kwenye vidole viwili vya mkono wa kulia, akachuchumaa.

Sikuwahi kumwona baba akitembea haraka vile. Kiti kilianguka nyuma yake. Alifika kwenye pikipiki kabla kitambaa hakijagusa cheni, akazima, akachomoa ufunguo. Gurudumu lilizunguka kidogo, likasimama. Akautoa mkono mfukoni na kuuweka mbele ya uso wa mwanawe.

"Abeli, vidole vyangu viko wapi?"

"Baba?"

"Nimekuuliza. Viko wapi?"

"Kagera, baba."

"Viko Mpwapwa. Nyuma ya gereji ya misheni, chini ya tangi la maji. Nilivizika mwenyewe. Vitani nilikwenda, nikarudi na vyote kumi. Nikapata kazi ya utarishi kule, wakanipa pikipiki. Jumamosi moja niliwasha, nikaingiza gia ya kwanza, nikashika kitambaa. Meno ya gurudumu la nyuma yalikivuta kabla sijajua kama kimevutwa."

Baba akaendelea, sasa kwa sauti ya chini, kwamba alirudi Mlali na koti la jeshi na mkono uliopona, watu wakajumlisha wenyewe, naye akaona aibu kuwakatalia. Miaka ikapita. Akaoa, akazaa, akazeeka na uongo huo. Mtu pekee aliyemwambia ukweli ni Emiliana, siku ile ya kwanza nyuma ya nyumba, alipoona binti wa watu anataka kuwasha pikipiki ashike kitambaa kama alivyoona bodaboda wakifanya. Alimwapisha asimwambie mtu, hata Ignas.

Kwa hiyo yule mwanamke alikuwa na neno moja la kumnyamazisha Abeli na kikao chake chote, na hakulisema. Alipiga magoti badala ya kumwaibisha mzee wa watu. Na mzee wa watu, baba yangu ninayempenda, alikaa kwenye kiti akimwangalia anapiga magoti. Ilibidi asikie injini ndipo miguu yake ikumbuke kusimama. Uongo wa vita nimemsamehe, pamoja na makofi yangu ya darasa la tano na machozi ya mama aliyekufa akiuamini. Kile kiti bado sijamsamehe, na nimemwambia.

Baba alimrudishia Emiliana ufunguo. Emiliana akaupokea, akaufunga pindoni, mafundo mawili, akavuta karai karibu na kuchovya mswaki. Baba akachuchumaa upande wa pili, akaanza kumzungushia gurudumu kwa ule mkono wa vidole vitatu, taratibu, mpaka uzi mwekundu ukarudi. Abeli alisubiri pembeni mpaka mwisho. Kibaigwa alikwenda mchana, na mtu wake alimkuta.

Hakuna aliyemwomba Emiliana radhi. Nilimuuliza baba mdogo Optatus kama hukumu imefutwa, akasema mambo ya kikao hayarudishwi nyuma, tena kuku alikuwa ameshakamatwa. Alikuwa kuku jike mweupe, aliyechanjwa na Emiliana mwenyewe mara tano. Emiliana alimchinjisha, akamnyonyoa, akampika. Baba alikataa kula. Firigisi alipewa Abeli, mkubwa wetu, naye aliila pale mkekani hadi akalamba mchuzi, kwa vidole vyote kumi.