Haibridi ya Mzee Pravin

Mzee Pravin wa duka la vitenge alipouza Vitz yake akanunua haibridi, gari la mafuta na umeme, mimi fundi wake nilichukia. Betri ya haibridi ikifa, bei yake si unapata Vitz nyingine? Akacheka: "Yassin, hii mafuta inaonja tu, hainywi." Kweli, haikunywa.

Mkewe, Mama Hetal, haoni. Miaka yote, akisikia Vitz inakata kona ya kwao Ilemela, anabandika chai. Haibridi iliingia uani kimya kama paka.

Mwezi haujaisha, mzee huyo gereji. "Nitafutie Vitz."

"Betri imekufa, mzee?"

"Nzima kabisa. Jana nilimkuta Mama Hetal dirishani, anasikiliza barabara kama narudi. Nilikuwa nimesimama nyuma yake."