Utando Aliokuwa Akiutupa Mama

Mama aliuza matumbo sokoni Busia, upande wa Uganda, na hata Wakenya walivuka mpaka kumfuata kwa sababu matumbo yake hayakuwa na mchanga. Beseni lilikuwa lake, ole wako uliguse. Alianza kwa kukata ule utando wa mafuta unaoushikilia utumbo, akawarushia mbwa. Utumbo ukiwa umejisokota, aliutia maji ya uvuguvugu, akautikisa na kuuvuta polepole hadi ukanyooka, ndipo akausuka mafungu ya kuuza.

Mwaka jana tumbo la baba lilivimba likawa gumu. Hakwenda choo wala kujamba. Mama alisema utumbo umejisokota, na hakukosea. Basi akafanya alichokijua: akampa maji ya uvuguvugu, akampaka samli, akamkanda kutwa nzima kwa vidole vilevile. Jioni baba akaacha kulia.

"Tumbo yake imelala," mama akaniambia, akanituma soda. Tulikunywa tukacheka. Furaha ile inanichoma hadi leo.

Asubuhi baba alikuwa akiweweseka. Tulimkimbiza hospitali Tororo, wakampasua, akafa.

Daktari alitukalisha, akashika shuka katikati. Utumbo, alisema, uwe mwembamba au mpana, unalishwa na mshipa mkubwa wa damu unaoshuka mbele ya uti wa mgongo. Mshipa huo hutoa matawi, nayo hupita ndani ya utando hadi kwenye utumbo wenyewe. Akaisokota shuka. Pindo la mwisho la utumbo mpana wa baba lilijizungusha na utando wake hivyo, damu ikakosa njia, utumbo ukawa mweusi. Maumivu yalipoa kwa kuwa sehemu ile ilikuwa imekufa.

Nilimchukia daktari kwa kueleza vizuri hivyo. Mama hakuuliza lolote juu ya mikono yake iliyomkanda baba.

"Hata ya mbuzi iko hivyo?" aliuliza.

"Hata ya mbuzi, mama," daktari akajibu.

Kwenye matanga alichinjwa ng'ombe. Mjane hapiki, kwa hiyo beseni la matumbo likaletwa kwangu, mimi ambaye nilikuwa sijawahi kuruhusiwa hata kulisogeza. Niliuinua ule utando juani. Mishipa ilikuwa imetandaa kila mahali, bado ina damu, yote ikielekea kwenye utumbo. Nikachukua kisu.

"Hiyo usikate," mama akasema kutoka mkekani.

Shangazi akamkumbusha kwamba watu watakula mafuta matupu.

"Wakule," mama akasema. "Wacha ishike."

Akainuka, wanawake wakajaribu kumrudisha, akawapita. Alipiga magoti kando ya beseni, akatia mikono majini, akaushika ule utando kwa chini. Nilingoja aanze kuvuta kama siku zote, lakini alikaa vile tu, hakuvuta kitu.