Alama ya Uji

Kwenye kompyuta ya studio yetu pale Mtinko kuna mstari wenye kitufe. Ukikivuta kulia, picha inanolewa. Neno lililoandikwa pale ni la Kiingereza, na mimi niliishia darasa la saba, kwa hiyo bosi alinifundisha kwa Kiswahili: noa. Akaongeza, "Ila kisu ukikinoa mno unabaki na mpini." Nilicheka. Nilidhani anatania.

Siku moja ya mnada aliingia mama mmoja ameshika simu ya jirani yake. Nilimwamkia, akaitikia, akakaa. Akaeleza kwamba binti yake amefariki, mwezi wa pili sasa, na picha yake iliyobaki ni moja tu, ya harusini, amesimama nyuma ya watu. Uso ulikuwa mdogo kama punje ya mtama, tena wenye ukungu, kwa sababu aliyepiga alikuwa anacheza huku anapiga. Mama alitaka picha kubwa ya kutundika ukutani.

"Nisafishie, mwanangu, nimwone," alisema.

Watu wazima kwetu husema kusafisha picha, maana yake kuichapa kwenye karatasi, tangu enzi za kamera za mkanda. Hilo nalijua. Lakini nilikuwa nimeutazama ule ukungu, na neno likaniingia kwa maana yake nyingine. Sikuuliza. Mimi ni mtu wa haya, na kumuuliza mama aliyefiwa swali la pili kulinishinda. Nikaihamishia picha kwenye kompyuta. Simu ilikuwa imejaa na jirani alikuwa ameagiza ipunguzwe, basi kule nikaifuta.

Nilipomkuza, uso mpaka kifua cha gauni lake, nikavuta kitufe kidogo. Ukungu haukuondoka. Nikavuta tena, macho yakatokea, na nikafurahi kama mtu aliyemwona ndugu yake akishuka njiani. Hapo ndipo ningeacha. Nilivuta zaidi, nikitaka kope, nikitaka meno. Ngozi ikapasuka vipande vipande kama udongo wa bwawa lililokauka. Nikailainisha. Ilipolainika, macho yakafifia, nikayanoa upya. Shavuni palikuwa na doa. Nikaona ni uchafu wa picha, nikalifuta. Kila hatua nilihifadhi juu ya ile ya kwanza, kwa sababu hivyo ndivyo nilivyozoea.

Nilijisifu moyoni. Nakumbuka hilo kuliko yote.

Mnada uliofuata alirudi, na simu ile ya jirani mkononi. Nikampa picha kwa mikono miwili. Aliitazama, akatoka nayo nje penye jua, akarudi.

"Huyu ni mtoto wa nani?"

Nikasema ni wake.

"Wangu alikuwa na alama hapa." Akagusa shavu lake mwenyewe. "Uji ulimmwagikia akiwa anatambaa. Nilikuwa nimeenda kisimani. Kila nikimwona nilikuwa naiona alama ile kwanza."

Nikamweleza kwamba aliniambia nisafishe. Nilisema polepole, nikitazama meza.

"Nilisema usafishe picha," akasema. Hakupandisha sauti. "Yeye tulishamwosha sisi wenyewe, mimi na dada zangu, kabla hatujamzika. Na alama yake tulimzika nayo."

Akaomba basi nimtolee ile ya mwanzo. Bosi alikuja, akapekua kompyuta, akapekua simu ya jirani, akanitazama, akaacha. Yeye ndiye aliyemwambia kwamba ya mwanzo haipo tena. Mimi sikuweza.

Mama akaongea peke yake kwa Kinyaturu, maneno machache, ambayo mimi niliyelelewa kwa lugha hiyo niliyasikia yote na sitayaandika. Kisha akaikunja picha, uso ukiwa ndani.

"Nitakaa nayo," akasema. "Gauni ni lake."

Siku ile ile nilifungua faili lile. Nikarudisha kitufe kushoto mpaka mwisho, penye sifuri, lakini sifuri ya picha iliyokwisha haribika ni kuharibika kule kule. Nikachukua brashi ya kwenye kompyuta nimchoree alama yake, nimpelekee mama mpaka nyumbani, nipige magoti. Nikaweka doa, nikalisogeza juu, nikalisogeza chini ya jicho. Sikujua lilikaa wapi. Nililiona mara moja tu, tena kama uchafu.

Siku hizi wateja wakileta picha yenye ukungu, naitoa na ukungu wake. Wanalalamika. Bosi ananiambia vuta kidogo tu, kidogo haidhuru. Naweka kidole kwenye kitufe, na siwezi.