Siku mzee Luhende alipokaa kwenye kigoda cha kunyolewa, msibani kwetu Sapiwi

Wakuu, mwadila. Waliozidi umri shikamooni, wengine mambo.

Mimi ni zao la shule ya jioni hapa Bariadi, form four nimemaliza nikiwa na watoto wawili na kipara. Chumvi huwa naweka, nimezaliwa nayo. Ila kiini cha habari hii ni kweli tupu.

Juzi humu watu walibishana hadi simu zikapata moto: eti mapenzi ya jinsia moja yalikuwepo kwetu zamani au yameletwa na mtandao? Mimi jibu sina. Nina hadithi.

Baba yangu mdogo Masunga alilima pamba Sapiwi. Tangu sijazaliwa aliishi na mzee Luhende, mtu wa Mwamapalala. Mji mmoja, zizi moja, chungu kimoja.

Hakuna aliyeoa. Ukoo ulimletea baba mdogo wachumba hadi wasichana wa Simiyu wakaisha, tukaanza kuazima Shinyanga. Anawapa soda, anawashukuru, wanarudi kwao.

Watoto tuliambiwa ni marafiki. Basi.

Na smartphone hawakuwahi kushika. Walikuwa na redio tu, nayo waliigombania kila siku. Mmoja mpira, mwingine taarifa ya habari.

Baba mdogo akaugua, akalala ndani miezi, akafariki.

Sasa kwetu, matanga yakiisha ndugu wa marehemu wananyolewa nywele. Ukinyolewa, wewe ni wa mji ule. Usiponyolewa ni mgeni, unaaga unaondoka.

Na wazee walishakaa kikao nyuma ya nyumba. Baba mkubwa Limbu akatamka: Luhende arudi Mwamapalala, mji ubaki wa ukoo. Mzee wa watu, na huko kwao hana hata tofali.

Asubuhi ya kunyoa, sengi Kabula, yaani shangazi yetu, dada wa marehemu, akashika wembe. Ndugu tumejipanga.

Luhende akaja taratibu, akapita foleni yote, akakaa kwenye kigoda. Wa kwanza. Pale ambapo angekaa mjane.

Naapa hata kuku walisimama.

Baba mkubwa akasema, "Luhende, hapo ni pa wenye msiba."

"Ndiyo maana nimekaa."

"Tunakushukuru sana kwa kumuuguza ndugu yetu."

"Sijaja kushukuriwa, Limbu. Nimekuja kunyolewa."

Sengi akamtazama kaka yake. Akamtazama Luhende. Akachovya wembe kwenye maji.

"Shemeji, inamisha kichwa. Manywele yote haya utanivunja mkono."

Shemeji, wakuu. Mbele ya ukoo mzima na nusu ya kata.

Zile nywele nyeupe kama pamba ya grade one zikaanza kudondoka. Mzee ambaye hakutoa chozi kaburini akalia pale, kichwa kikiwa mikononi mwa sengi. Hakuna aliyemnyamazisha.

Jioni baba mkubwa alikuwa anarudi kwake mjini, bodaboda inamsubiri. Akazunguka zizi mara mbili kama mtu aliyepoteza ufunguo. Mwisho akamfuata Luhende mlangoni.

"Tunaomba ruhusa ya kuondoka."

Ruhusa hiyo huombwa kwa mwenye mji. Luhende akamjibu, "Mfike salama." Hadi leo yuko pale, anachunga.

Nilichojifunza? Kwamba nilikula ugali wa wale wazee utoto wangu wote bila kuwauliza chochote. Na Luhende mwenyewe hajawahi kusema walikuwa nani kwa nani, sitamsemea.

Ila udadisi ulinizidi, nikamfuata sengi: ile "shemeji" ulimaanisha nini?

Hakuacha hata kupepeta.

"Ng'wanone, mwanangu, miaka yote ile, wewe ulitaka nimwite nani?"

Haya, uwanja ni wenu. Kwenye ukoo wenu yupo "rafiki wa babu" au "rafiki wa bibi" ambaye hamkuwahi kumuuliza? Alipofiwa, mlimkalisha wapi?